Maji hushuka bure, ndizi hulipa nauli

Kila sekunde inayopita, Dar es Salaam ina mitambo ya kuvuta takriban lita 5,400 za Mto Ruvu. Hesabu yake si ngumu. Mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976 na kupanuliwa baadaye, una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku. Ruvu Juu, mkongwe wa mwaka 1959, nao baada ya kupanuliwa umefika lita milioni 196. Jumlisha, upate milioni 466, kisha gawa kwa sekunde 86,400 za siku nzima. Mwaka 2022, kabla visima virefu vya Kigamboni havijaanza kazi, uwezo wote wa kuzalisha maji ya jiji ulitajwa kuwa lita milioni 520 kwa siku. Maana yake, katika kila lita kumi, tisa zilikuwa za mto mmoja.

Na mto huo una kwao. Mgeta, Mfizigo, Mvuha na Ngerengere huteremka kutoka Milima ya Uluguru, nyuma ya mji wa Morogoro, na yote huishia kwenye Ruvu. Mkazi wa Tegeta au Bunju anapofungua koki, kinachotoka ni mvua iliyonyesha juu ya migomba ya mtu fulani kule mlimani. Mtu huyo hayumo popote kwenye ankara ya maji. Ndiye ninayetaka kumtafutia mstari wake, na gharama yenyewe, kama hesabu zitakavyoonyesha, haizidi shilingi kumi kwa kila lita 1,000.

Tuanze huko juu. Uluguru ina vilele vinavyopita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki, unaotazama Bahari ya Hindi, mvua inaweza kukaribia milimita 3,000 kwa mwaka, wakati Dar es Salaam hupata takriban 1,100. Milimita moja ya mvua juu ya ekari moja ni lita 4,047. Kwa hiyo, mvua ikifika milimita hizo 3,000, ekari moja ya mteremko huo hupokea zaidi ya lita milioni 12 kwa mwaka. Kaya ya watu watano jijini, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, hutumia lita 91,250 kwa mwaka. Gawa tena: ekari moja ya Uluguru imenyeshewa maji ya kaya 133. Punguza nusu kwa yanayorudi angani na yanayonywewa na mimea, bado zinabaki kaya 66. Shamba la ekari moja, kwa mkulima wa huko, si kubwa wala si dogo la kuchekwa. Mwenyewe hulitazama kama migomba, mihogo na magimbi. Sijui kama kuna aliyewahi kumwambia kwamba amebeba mtaa mzima wa Mbezi mgongoni.

Maisha ya vijiji hivyo yana kanuni moja inayoeleza karibu kila kitu: maji ni bure, kilichobaki chote kina nauli. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hukutoa Dar es Salaam na kukufikisha Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, nauli ya daraja la kawaida ikiwa Sh 13,000 ilipoanza. Ukishuka stesheni ndipo safari yenyewe inapoanza. Kwenda Kinole au Tegetero upande wa mashariki, au Bunduki na Tchenzema upande wa Mgeta, unaweza kutumia muda mrefu kuliko uliotumia ndani ya treni, na masika ikikolea bodaboda hufika mahali ikakuambia shuka, malizia kwa miguu. Mfuko wa saruji wa kilo 50, bati, chumvi, sabuni, mbolea, dawa: kila kisichoota mlimani hupanda na nauli yake, na bei dukani huongezeka kadiri barabara inavyosimama wima. Mjamzito anayepewa rufaa ya kwenda hospitali ya mjini hulipia umbali huohuo, kwa fedha na kwa muda ambao pengine hana.

Mazao nayo hulipia kushuka. Uluguru ya mashariki hutoa ndizi, mananasi na viungo kama karafuu, mdalasini na pilipili manga. Upande wa Mgeta kuna ubaridi wa kuotesha kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo, na gulioni Nyandira mboga hupakiwa kuelekea Morogoro na Dar es Salaam. Mkungu wa ndizi unaoitwa mzuri ni kilo 20 au zaidi. Mwanamke huutwika kichwani kutoka shambani hadi barabarani, pikipiki huuchukua hadi lori linapoweza kufika, lori huupeleka mjini, dalali hukata chake, halmashauri hutoza ushuru, mbeba mizigo wa soko la Mabibo hulipwa chake, na mama wa genge Mbagala huweka faida yake ndogo juu ya yote hayo. Mkono wa kwanza ndio uliobeba kwa miguu, na ndio unaopata bei isiyo na nauli ndani yake.

Sasa weka maji kwenye mizani hiyohiyo. Lita milioni 466 ni tani 466,000. Kama yangelazimika kusafirishwa na Fuso za tani saba, zingehitajika safari zaidi ya 66,000 kila siku kutoka Morogoro. Hakuna Fuso hata moja, kwa sababu mteremko hufanya kazi hiyo. Fedha nyingi huanza kutumika maji yakishafika bondeni, Mlandizi na Bagamoyo, kwa umeme wa pampu, dawa za kusafishia, mabomba na mishahara. Hizo ni gharama halali, wala sina ugomvi nazo. Ninachosema ni kwamba hesabu ya bei ya maji huanzia kwenye pampu, ilhali maji yenyewe huanzia zaidi ya kilomita mia moja nyuma yake.

Tushuke jijini tuone mwisho wa bomba, hasa pale bomba linapokomea. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam: Temeke 1,346,674, Kinondoni 982,328, na wengine wakigawana Jiji la Dar es Salaam lililokuwa Ilala, Ubungo na Kigamboni. Miaka kumi nyuma mkoa mzima ulikuwa na watu 4,364,541. Ongezeko la milioni moja na zaidi halikwenda kujibana Kariakoo wala Magomeni. Limekwenda pembezoni: Bunju, Mabwepande, Chanika, Chamazi, Mbande, Toangoma. Kijiografia Kinondoni ina bahati kidogo, maana bomba kubwa la Ruvu Chini hushuka kutoka Bagamoyo na kupita upande wake. Temeke ya kusini iko mbali na mabomba yote mawili makubwa. Imeishi kwa mtambo mdogo wa Mtoni, unaochota Mto Kizinga na kutoa lita milioni chache tu kwa siku, na kwa visima, ambavyo vingi vina chumvi ya kukataa povu la sabuni.

Lita milioni 520 zikigawiwa kwa watu wote wa sensa hutoa lita 97 kwa kila kichwa. Shirika la Afya Duniani huweka hitaji la mtu kati ya lita 50 na 100 kwa siku, kwa hiyo kwenye karatasi jiji limetosheka. Lakini maji yanayozalishwa si maji yanayofika. Mabomba huvuja, dira hufa, wapo wanaojiunganishia kinyemela. Upotevu wa theluthi moja ni jambo la kawaida kwa mamlaka nyingi za maji za ukanda huu, na Dar es Salaam haijawahi kusifiwa kwa kuwa afadhali. Toa theluthi, zinabaki lita 65. Kisha kumbuka kwamba wastani huficha: mwenye bwawa la kuogelea Masaki na mpangaji wa chumba kimoja Mbagala Kizuiani wamewekwa kwenye kapu moja.

Bei ndiyo hufichua. Kwenye ankara, uniti moja, yaani lita 1,000, kwa miaka kadhaa imekuwa karibu Sh 1,660 kwa mteja wa nyumbani kabla ya tozo nyingine. Uniti moja ni madumu 50 ya lita 20. Kwa hiyo mwenye bomba hulipa kama Sh 33 kwa dumu. Asiye na bomba akinunua kwa jirani kwa Sh 100, uniti imemgharimu Sh 5,000. Akiletewa na mkokoteni kwa Sh 300, ni Sh 15,000. Mgawo ukikaza na dumu likafika Sh 500, ni Sh 25,000, mara kumi na tano ya anacholipa mwenye dira. Maskini wa pembezoni ndiye anayenunua maji ghali kuliko wote jijini, na ananunua kidogo kuliko wote.

Kidogo kiasi gani? Ile kaya ya watu watano kwa lita 50 kila mmoja huhitaji uniti saba na nusu kwa mwezi. Kwa bomba ni karibu Sh 12,450. Kwa dumu la Sh 300 ni Sh 112,500. Januari 2023 kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi, kwa viwanda na biashara, kiliwekwa Sh 150,000 kwa mwezi. Hakuna kaya itakayotoa robo tatu ya mshahara kununua maji. Itakachofanya ni kujinyima. Ikitenga Sh 15,000 kwa mwezi kwa bei hiyo ya mkokoteni, itapata madumu 50, yaani chini ya lita saba kwa mtu kwa siku. Lita saba ni kunywa, kupika na kunawa uso. Nguo zitasubiri, na choo kitasubiri pia, na ndiyo maana hadithi ya kipindupindu jijini kila mara hupita mitaa ileile.

Oktoba 2022 ilionyesha jinsi uzi huu ulivyo mwembamba. Mvua za vuli zilichelewa, Ruvu ikapungua, na uzalishaji ukaanguka kutoka lita milioni 520 hadi 300 kwa siku wakati mahitaji yalitajwa kuwa milioni 544. Ukatangazwa mgawo. Lita milioni 300 kwa watu milioni 5.4 ni lita 56 kwa kichwa kabla ya uvujaji, na 37 baada yake. Serikali ilichukua hatua mbili za haraka Novemba mwaka huohuo: kuwasha visima vya Kigamboni vyenye uwezo wa lita milioni 70 kwa siku, na kusaini mkataba wa Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, kwa zaidi ya Sh bilioni 300. Pia macho yaligeukia mtoni, kwa wakulima wa umwagiliaji na wafugaji, wakaonekana wao ndio wamekunywa mto. Wengine walikuwa wanachota bila kibali, ni kweli. Lakini ilinishangaza jinsi jiji linavyomkumbuka mtu wa juu ya mto siku ya kumlaumu tu.

Kidunda nalihesabu kuwa uamuzi wa busara, uliochelewa miongo. Litahifadhi mita za ujazo milioni 190, yaani lita bilioni 190. Gawa kwa milioni 520 kwa siku, upate siku 365: mwaka mzima wa jiji, ukiacha mvuke na maji ya kuuachia mto uendelee kuishi. Kasoro ya bwawa lolote ni kwamba halichagui. Linakusanya maji na linakusanya tope. Bwawa la Mindu, linalonywesha mji wa Morogoro kutoka Mto Ngerengere, limepoteza sehemu ya ujazo wake kwa mchanga na udongo unaoteremka kutoka milimani na mashambani. Udongo ukishuka Kidunda, kila mita ya ujazo ya tope itakuwa mita ya ujazo ya maji iliyofukuzwa kwenye nyumba yake ya mabilioni. Kwa hiyo jembe la mkulima wa Kibungo Juu, kule Uluguru, ni sehemu ya bwawa, tutake tusitake.

Kuna waliowahi kulijua hilo wakalitekeleza vibaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru na kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi siku tatu kwa wiki. Hawakulipwa. Udongo mwekundu usio na rutuba uliletwa juu, mavuno yakashuka, na mwaka 1955 watu wa Matombo wakakataa katakata. Risasi zikapigwa, mtu akafa, mpango ukafa naye. Gharama yote ya kulinda mto ilikuwa imewekwa juu ya mgongo mmoja, na mgongo ukagoma.

Zaidi ya nusu karne baadaye ukaja mtazamo tofauti. Mashirika ya CARE na WWF, kuanzia mwaka 2006, yaliandaa mpango wa kuwalipa wakulima wa Kibungo Juu kwa kila eneo walilolilima kwa namna inayozuia mmomonyoko: matuta, makinga maji ya majani, miti ya matunda na mbao, au kuliacha shamba lipumzike. Wanunuzi wa huduma hiyo walikuwa DAWASCO, iliyokuwa ikiuza maji ya jiji wakati huo, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Kwa mara ya kwanza fedha ilipanda mlima kufuata njia ambayo maji yalishukia. Mradi ulikuwa mdogo, na uendeshaji wake ulitegemea wafadhili. Wakulima waliojiunga walikuwa mamia, si maelfu. Ulikutana pia na jambo ambalo mtu wa mjini hulisahau. Kwa Waluguru ardhi hupitia ukoo wa mama, na anayelima si lazima awe mwenye ardhi. Kupanda mti utakaokaa miaka ishirini juu ya shamba la ukoo wa mwingine huweza kueleweka kama kudai shamba. Ukitaka miti, kaa kwanza na ukoo.

Watu wa mlimani, isitoshe, wameshalipa sehemu yao. Mwaka 2008 misitu ya juu ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, zaidi ya hekta 24,000 zisizolimwa wala kukatwa kuni ovyo. Mpaka huo ni mzuri kwa mto. Lakini idadi ya watu inaongezeka chini yake na mashamba hayaongezeki, kwa hiyo jembe husogea kwenye miteremko ambayo hata kusimama ni kazi.

Majirani zetu wa Nairobi wamepiga hesabu hii mapema. Karibu maji yote ya jiji lao hutoka bonde la juu la Mto Tana. Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, na makadirio yaliyofanywa yalisema kuwa dola milioni 10 zikiwekwa mashambani zingerudisha faida ya dola milioni 21.5 ndani ya miaka 30, kwa tope dogo, umeme zaidi na mavuno bora. Shilingi moja hurudi mbili. Sioni sababu ya Ruvu kuwa na tabia nyingine.

Basi tupige yetu. Chukua lita milioni 466 za Ruvu kwa siku, toa theluthi inayopotea, zinabaki uniti takriban 310,000 zinazoweza kulipiwa. Kwa mwaka ni uniti milioni 113. Weka shilingi kumi kwa kila uniti: ni Sh bilioni 1.13. Kwa kaya ya uniti saba na nusu, nyongeza ni Sh 75 kwa mwezi. Kwa dumu moja ni senti 20, sarafu ambayo hata mfukoni hatuna tena. Tukisema, kwa mfano, kila ekari iliyolindwa vizuri ilipwe Sh 200,000 kwa mwaka, fedha hiyo inatosha ekari zaidi ya 5,600. Na ikilinganishwa na gharama ya Kidunda, ni chini ya nusu ya asilimia moja kwa mwaka kulilinda bwawa lisijae tope.

Atakayepinga atasema, tena kwa haki, ziba kwanza mabomba. Theluthi ya milioni 466 ni lita milioni 155 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya visima vya Kigamboni. Nakubaliana naye: kama ningelazimishwa kuchagua moja, ningeanza na mabomba. Sijalazimishwa. Kuziba bomba Tandale hakuzuii udongo wa Tegetero kushuka. Mwingine atasema tayari mamlaka hulipia kibali cha kuchota kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Ni kweli, na bodi ina kazi nyingi, kuanzia vipimo vya mito hadi migogoro ya wachotaji. Lakini ada ya kibali hailengi shamba la mtu mmoja mmoja, na mkulima wa Lukenge kule mlimani haioni mkononi.

Sharti langu ni moja tu. Shilingi kumi hizo zisitozwe kwenye dumu la mkokoteni wala kwenye gati la maji la mtaani. Anayelipa Sh 15,000 kwa uniti ameshalipa vya kutosha. Zitozwe kwa wenye dira, tena zianzie kwa viwanda, hoteli na wenye mabwawa ya kuogelea.

Bei za maji hazipangwi gizani. Mamlaka ikiomba bei mpya, EWURA, mdhibiti wa bei hizo, huitisha taftishi, mkutano wa wazi ambapo mwananchi yeyote anaruhusiwa kusimama na kuuliza. Mara nyingi wanaosimama huuliza habari ya mgawo na ankara za kubambikiwa, na wana haki. Itakapoitishwa tena, nenda. Uliza hayo yote, kisha ongeza swali moja: katika bei hii, mlima umewekewa shilingi ngapi?